Karatasi Shahidi

Nianze kwa kukiri: Polikarpo nilimfokea kwenye simu mpaka wenzangu ofisini wakanyanyua vichwa.

Polikarpo ni mlinzi wa msitu wa hifadhi kwenye Mlima Lukwele, safari ya siku nzima kutoka hapa Dar. Ni mtu mzima, ana wajukuu watatu, na kwa miaka miwili ndiye amekuwa akinipandisha kule juu. Mimi kazi yangu ni kupima hewa. Tuna mashine kileleni inayovuta hewa ya msituni na kuipitisha kwenye karatasi nyeupe ya kuchuja, ya duara, kila wiki karatasi mpya. Mwisho wa mwezi napanda, nachukua nne zilizotumika, kila moja kwenye kikopo chake, nazirudisha ofisini kwetu Mwenge na kuzipima uzito. Moshi wowote unaofika kule kwenye miti yenye ndevu za kijani, karatasi inaunasa.

Kuna na kikopo cha tano. Hicho kina karatasi ambayo haiingii kwenye mashine kabisa. Inapanda mlima, inashuka mlima, imefungwa vilevile, na kazi yake ni kutuambia kama kuna uchafu ulioingia njiani. Mimi naiita karatasi shahidi.

Miaka miwili karatasi zilirudi karibu nyeupe. Septemba zikarudi na ukijivu. Oktoba zikazidi. Daktari Muntazir, bosi wangu, alichora namba zile, mstari ukapanda kama ngazi ya minazi.

"Najat, huu ni moshi wa karibu," aliniambia. "Kuna watu wanachoma mkaa ndani ya hifadhi, na mlinzi kanyamaza. Jumatatu saa nne ripoti inakwenda kwa wakubwa wa hifadhi."

Nilijua ripoti ile ikienda, Polikarpo hana kazi. Badala ya kumhurumia nikapandwa na hasira, maana nilikuwa nimemwamini. Nikampigia hapohapo, ilikuwa Ijumaa asubuhi.

"Mzee, umetufanya sisi wajinga! Miezi miwili watu wanachoma mkaa na wewe umekaa kimya!"

"Shikamoo hujanipa, mwanangu," akasema.

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, sasa gomba."

Nikagomba. Alipoona nimeishiwa pumzi akauliza, taratibu kabisa, "Hizo karatasi umezinusa?"

"Sisi tunapima kwa mizani, mzee. Hatunusi."

"Moshi wa mkaa una harufu yake. Wa shamba una yake. Nusa, halafu nipigie. Huku hakuna aliyechoma hata jani."

Nilikata simu nikijisemea kwamba mwongo hakosi maneno. Lakini pua hainyimwi kazi. Nikafungua kikopo, nikanusa. Sikusikia kitu, karatasi tu. Nikamwita Zoya, binti tunayefanya naye kazi maabara, ili nipate shahidi wa kunitetea.

Zoya akainama, akavuta pumzi, akanitazama. Akanusa tena.

"Sista, usikasirike," akasema. "Inanukia kama wewe."

"Kama mie vipi?"

"Kama mtandio wako. Udi. Ofisi nzima tunajuaga ukiingia."

Nikaushika mtandio wangu, nikauleta puani. Nilikuwa nimeuzoea udi ule hata siusikii tena. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami kimenila mbele ya Zoya.

Sasa mtauliza, karatasi shahidi ilikuwa wapi siku zote hizo? Ilikuwa kabatini. Kwa mwaka mzima na zaidi ilitoka safi kila nilipoipima, basi tangu Januari nikaacha kuipima. Naandika sifuri, naenda kunywa chai. Siku ile niliiweka kwenye mizani. Karatasi ambayo haikuwahi kuvuta hewa ya mlimani hata mara moja ilikuwa nzito karibu sawa na kila moja ya zile nne.

Sikungoja jioni. Niliomba ruhusa nikarudi nyumbani Mtoni Kijichi. Mama mkwe wangu, Bi Hamida, alikuwa uani amechutama mbele ya chetezo, makaa yamekolea, mashuka ameyatandaza juu ya kawa la ukindu lililofunika chetezo ili moshi uyaingie vizuri. Alihamia kwetu kutoka Lindi mwanzoni mwa Septemba. Mwanzoni mwa Septemba! Mwenye akili angeshajumlisha.

"Shikamoo mama. Mfuko wangu wa safari, nao huwa unaufukiza?"

"Marahaba. Sasa nisiufukize?" akashangaa. "Unarudi nao usiku kutoka porini, unaubwaga sebuleni, unanuka uvundo. Alfajiri wewe umelala, mie naufukiza."

"Na vikopo vya ndani?"

"Navifungua vyote vitano, vipate kunukia, halafu navifunga vizuri." Alisema kwa fahari kabisa. "Udi wenyewe mzuri, si ule wa kuokoteza. Nakuombea na dua. Mlima si mahali pa kwenda na kurudi hivihivi, mwanangu. Mie nataka uwe unarudi."

Nilikuja na maneno yangu makali, nimeyapanga njia nzima. Yote yakayeyuka. Nikakaa chini kwenye kigoda nikacheka mpaka machozi, kisha machozi yakawa machozi kweli, na nikamweleza habari ya Polikarpo. Bi Hamida akashika kichwa.

"Yaa Rabbi! Mtu afukuzwe kazi kwa udi wangu? Nipe hiyo simu."

Akampigia yeye mwenyewe. Alimwomba radhi kwa salamu ndefu za kusini, akamuulizia wajukuu wake mmojammoja, kisha akanipa simu akanikazia macho mpaka na mimi nikasema.

"Nisamehe mzee. Nilikufokea, na kosa ni langu. Karatasi ya tano nilikuwa siipimi."

"Nimekusamehe," Polikarpo akajibu, nami nilisikia anacheka. "Lakini siku nyingine shikamoo ije kwanza."

Jumatatu saa mbili nilikuwa mlangoni kwa Daktari Muntazir na kikopo cha tano mkononi. Nilisema yote, pamoja na sifuri zangu za uongo. Alikasirika, na alikuwa na haki. Alifuta miezi miwili kwenye ripoti, akaniamuru niandike sababu kwa mkono wangu na kutia sahihi. Niliposoma kwa sauti neno "chetezo", uso wake ukamshinda, akacheka.

"Mke wangu Khatun hufukiza kila Alhamisi," akasema akifuta miwani. "Kumbe hata hii ofisi ingechunguzwa, tungeonekana tunachoma mkaa."

Siku hizi nikishuka kwenye basi siendi nyumbani. Vikopo vinafika Mwenge kwanza, navifungia kabatini, na karatasi shahidi ndiyo ninayoipima mbele ya zote. Safari ya Novemba ilitoka safi, na zile nne nyeupe kama zamani. Polikarpo nilimtumia picha ya karatasi hizo.

Nilifika Kijichi nimechoka, matope mpaka magotini. Bi Hamida alikuwa amesimama getini na chetezo, moshi unampanda usoni. Nikainama kupita, akanizuia kwa mkono.

"Ngoja kwanza. Yule mzee, kazi yake ipo?"

"Ipo, mama."

"Na vile vikopo vyako?"

"Viko ofisini."

"Haya," akasema, akanisogezea moshi. "Sasa ingia tukufukize."