Volti Mbili na Nusu

Kilichomuuma dada zaidi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemleta mdogo wake wa kike karakanani. Alimfundisha kulehemu nyaya za elektroniki, akamwachia kiti cha dirishani, na sasa bosi kila akiingia anapita mezani pake kama hapaoni, anakwenda kuinamia meza ya mdogo mtu.

Siku hiyo bosi alikuwa achague nani aongoze kazi ya vipimajoto vya masanduku ya chanjo. Kila mmoja alikuwa ameunda chake. Kioo cha mdogo kilibadilika upesi, utadhani namba zinaliwahi joto lenyewe. Cha dada kilijikongoja. Mafundi wenzao wakamtania kwamba chake kimeshakuwa babu.

Hakucheka. Aliujua wepesi ule ulikotoka: mdogo wake ameipa chipu mapigo milioni kumi na sita kwa sekunde, yeye kaipa milioni nne tu. Chipu ikikimbizwa sana hutaka umeme wa kutosha. Pale karakanani kila kitu kilijaribiwa kwa volti tano za mashine ya umeme ya mezani, ili betri zisichakae kabla ya kuuzwa. Lakini sandukuni kungekuwa na betri mbili ndogo, volti tatu zikiwa mpya, kisha kushuka tu.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo na lilikuwa tamu: kifaa kigome huko kwa mteja, mtu aumbuke. Ila nyumbani alikuwa na mtoto wa kunyonya, aliyechanjwa juzi tu. Basi akaamua kusema, lakini aseme mbele ya watu.

"Bosi, ngoja kwanza," akasema, akizungusha kitufe cha mashine iliyovipa umeme vifaa vyote viwili. "Betri ikichoka inafika hapa. Volti mbili na nusu."

Akavitoa vihisi joto vyote viwili kwenye maji ya baridi ya majaribio, akavifumbata kiganjani. Kioo cha mdogo wake kiliganda kwenye nyuzi nne, joto la mkono lisikifikie. Cha kwake kikapanda, polepole, mpaka kikapita thelathini.

 Mdogo mtu akakiinamia kioo chake. "Niipe milioni ngapi, dada?"

"Nne. Zaidi ya hapo unajidanganya."

Mdogo akavuta kompyuta, akabadilisha mstari mmoja, akaipakia programu upya. Dada alikunja mikono, akingoja kukiona nacho kikijikongoja. Wapi. Kwa milioni nne zilezile, namba zilipanda chapuchapu. Programu ya binti ilikuwa fupi, haina porojo, wala haikuwa ikihitaji mbio zote zile.

Bosi alimshukuru dada kwa jicho lake kali. Kazi akampa mdogo.

"Utanisaidia lakini, dada?" mdogo akauliza, kwa nia njema kabisa, na hiyo nia njema ndiyo iliyomchoma. Akajibu kwamba atamsaidia. Akachukua bisibisi, akaanza kufunga kifuniko cha kifaa cha mdogo wake, na skrubu ya mwisho akaikaza mpaka plastiki ikapasuka.