Sweta la Kijani

Pale kliniki ya watoto mfanyakazi wa usafi walimwita Mama Sabuni, kwa sababu hakuwahi kuona kitu kichafu akakiacha. Asubuhi ile aliokota sweta la kijani lililosahauliwa chumba cha kuchezea, limekaukiwa maziwa na makamasi. Akalitia kwenye beseni, akalisugua huku anaimba, akalianika.

Saa nne akaja Kifaranga na bibi yake kulifuata. Kifaranga alikuwa na miaka minne, na tangu ajali ya gari iliyomuua mama yake hakuwa amesema neno. Sweta lilikuwa la huyo mama. Akalipokea, akanusa kola, akanusa mkono mmoja, akanusa wa pili. Kisha akajitupa sakafuni, akalia mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakaja kuchungulia.

"Usijilaumu, mwenzangu," bibi alimwambia Mama Sabuni. "Lilikuwa linanuka beberu mzima. Mwambie hili ni jingine, lile limeliwa na panya, yaishe."

Mshauri wa watoto, dada mmoja asiyepandisha sauti, akatikisa kichwa. "Hapana, bibi. Ile harufu ndiyo mama aliyembakia. Leo ameondoka mara ya pili. Tukimdanganya, hatamwamini tena mtu mzima yeyote."

Mama Sabuni akatazama mikono yake. Akajiona ana miaka mitano, nyumbani kwa shangazi. Mama yake alikuwa amekwenda mbali kutafuta kazi, akamwachia mto wenye foronya ya maua ya njano. Kona moja ilinuka mafuta yake ya nywele. Ukiweka pua pale, mama alikuwepo, anasuka, anacheka kama anayepiga chafya. Siku moja foronya ikawa kwenye kamba, inang'aa. "Si ile ile?" shangazi alisema. "Usinitie wazimu, wewe!" Hakuna aliyempa pole. Kumbe siku ile ndipo alipoanza kufua, kama mtu anayewahi kufua mwenyewe kabla hajaporwa tena.

Akaingia chumba cha kuchezea, akaketi sakafuni alipolala Kifaranga, magoti yakilia ko-ko.

"Mimi ndiye niliyelifua," alisema. "Sikukuuliza. Harufu ya mama nimeitoa mimi. Pole, mwanangu. Pole sana."

Kifaranga akamrushia sweta usoni. Mama Sabuni akalirudisha taratibu. Likarushwa tena, na tena. Hakuondoka, wala hakukasirika. Mwishowe mtoto akachoka, akakaa karibu naye, mgongo umemgeukia.

Ikawa hivyo wiki tatu: kurusha, kurudisha, kukaa.

Alhamisi moja Kifaranga alikuja na sweta lenye doa jipya la maziwa. Akalinusa kwa muda mrefu, akaliweka mapajani mwa Mama Sabuni.

"Usifue," alisema, sauti kavu kama mlango uliofungwa siku nyingi.

Koridoni, bibi akaangusha mkoba.

"Sifui, mama," Mama Sabuni akajibu. Akalishika hivyo hivyo, na doa lake, mpaka saa sita, ndoo ikimngoja mlangoni na povu limeisha.