Karafuu kwa Mbali

Bwana Ulimi akisimulia kisa hiki mwenyewe, huanza kwa kufungua mdomo na kuonyesha pengo. Ni pengo la gego, chini, upande wa kulia. Anayetaka kucheka hupewa ruhusa acheke mapema, kwa sababu yeye, asema, alichelewa mno kujicheka na hamtakii mwenzake hasara hiyo.

Kazi yake ilikuwa kuonja biri, zile sigara nene za kusokotwa kwa mkono, ambazo mtu hashushi moshi kifuani bali huuzungusha mdomoni kisha akauachia. Karakana ilikuwa na wasokotaji kumi na wanane, chumba cha majani kilichofungwa kwa funguo mbili, na chumba kidogo chenye dirisha pana na meza ya duara, ndicho chumba cha kuonjea. Humo, kila siku saa tatu asubuhi, Bwana Ulimi aliketi akaipapasa biri ncha hadi ncha, akaikata kichwa, akaivuta kavu kwanza, kisha akaiwasha polepole kwa njiti ndefu na kufumba macho. Kufumba macho hakukuongeza ladha hata chembe, amekiri baadaye. Ila watu walinyamaza alipofumba, naye alipenda wakinyamaza.

Kushoto na kulia kwake walikaa waonjaji wawili wadogo kwa cheo, na wasokotaji waliwaita Bendera wa Kwanza na Bendera wa Pili, kwa jinsi walivyofuata upepo. Yeye akisema anapata ngozi, wanaandika ngozi. Akisema asali, wanaulizana kwa unyenyekevu kama ni ya nyuki wakubwa au wadogo. Mkubwa wao wote, Mkurugenzi, alikuwa mtu mwema aliyerithi karakana kwa baba yake bila kurithi pua ya baba yake, na kwa hiyo aliamini kila kilichoandikwa kwenye fomu.

Miaka miwili kabla ya mambo kuharibika, Bwana Ulimi aliandika kwenye fomu ya biri yao kubwa, sehemu ya mwisho wa kuvuta, maneno matatu: karafuu kwa mbali. Mkurugenzi aliyasoma mara mbili, akasimama, akampa mkono. Kabla mwezi haujaisha, vifuniko vya visanduku vilikuwa vimechapwa picha ya kikonyo cha karafuu. Wanunuzi wakaandika barua kusifu. Kila aliyesoma kifuniko aliipata karafuu, na ambaye hakuipata hakutaka kuwa yeye peke yake asiyejua mambo. Bwana Ulimi akavimba kichwa. Akaletewa biri za karakana nyingine azipime, nako akakuta karafuu, akaandika kwa hasira kwamba watu hawa hawana haya, wanaiga.

Mtu mmoja tu aliuliza. Huyo alikuwa Mama Majani, mwanamke mwembamba aliyekula chumvi nyingi, mchanganyaji wa majani kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye ndiye aliyeamua jani gani likae ndani ya biri, lipi lilifunge, na lipi liwe vazi la juu, na wakati mwingine aliliamua jani kwa kulisugua karibu na sikio. Siku ile fomu iliposomwa, alisimama mlangoni na aproni yake.

"Karafuu, mwanangu?"

"Kwa mbali, mama."

"Haya," akasema, akarudi kwenye majani yake.

Sasa tuje kwenye jino. Gego la Bwana Ulimi lilikuwa limeoza tangu enzi hizohizo, na yeye, anayejisifu kwa mdomo wake, alimwogopa daktari wa meno kuliko simba. Mkewe alichoka kumbembeleza, akamletea kutoka duka la dawa kichupa kidogo cha dawa ya kutuliza. Karatasi ya kichupa ilibabuka wiki ya kwanza. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Bwana Ulimi alizungusha pamba kwenye kijiti cha kiberiti, akachovya, akabana pumzi na kulipaka jino, machozi yakimlengalenga. Kikiisha kichupa, mke alinunua kingine. Ulimi uliojua jani limevunwa kabla ya mvua au baada yake haukuwahi kuuliza ndani ya kichupa mna nini.

Lakini mficha maradhi, kilio kitamfichua. Ijumaa moja alirudi nyumbani shavu limejaa kama aliyeficha limau, na mkewe hakubembeleza tena. Alimshika mkono mpaka kwa daktari wa meno, binti mdogo mwenye mikono ya nguvu, na gego likatoka kwa kelele ambazo Bwana Ulimi huzikana mpaka leo. Binti akaandika: wiki moja bila moshi. Kichupa kikabaki kabatini.

Jumatatu ya pili yake akarudi kwenye meza ya duara. Akapapasa, akakata, akawasha, akafumba macho. Mwanzo, ngozi na udongo mkavu. Katikati, kakao kidogo. Akafika mwisho akangoja karafuu yake kama mtu anayemngoja mgeni aliyezoea kuja. Haikuja. Akawasha ya pili, haikuja. Hofu ikamwingia, maana mwonjaji asiyeonja ni nini? Ni mzee aliyekaa kwenye kiti amefumba macho mchana.

Angeweza kusema, "Jamani, leo sipati." Maneno matatu tu. Badala yake, na hapa akisimulia hujipiga kofi la paji, alishika kalamu akaandika: Karafuu imepotea. Mchanganyiko umeguswa.

"Mimi niliona tangu wiki iliyopita," akasema Bendera wa Kwanza.

"Mimi tangu ile nyingine," akasema wa Pili.

Mkurugenzi alimwita Mama Majani. Hakumfokea, angemfokea ingekuwa afadhali. Alimwambia kwa upole kwamba umri ni umri, kwamba pua nayo huchoka, kwamba amefanya kazi ya kutosha. Ijumaa biri itaonjwa tena mbele ya wote, na ikiwa karafuu haipo, atakabidhi funguo za chumba cha majani. Mama Majani alisikiliza akipangusa mikono kwenye aproni iliyokuwa safi.

"Pengine ni mimi kweli," akasema.

Bwana Ulimi akamfuata ukumbini. Alitaka kusema neno la kumfariji, lakini yeye ndiye aliyetangulia.

"Mwanangu, nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu? Hiyo karafuu mimi sijawahi kuipata. Hata siku moja. Kila Jumamosi watu wakishaondoka nakaa kule ndani navuta moja, naitafuta. Miaka miwili. Nikajua ndiyo uzee huo, ulimi umekufa. Lakini wewe ulikuwa unaipata, basi nikasema Mungu mkubwa, mkono bado unakumbuka. Sasa na mkono nao umesahau."

"Pole, mama," akasema Bwana Ulimi. Na akiwa njiani kwenda nyumbani, badala ya kumfikiria mama wa watu, alikuwa akifikiria ulimi wake mwenyewe.

Alhamisi alasiri aliketi barazani na mkewe wakinywa chai. Alinywa funda la kwanza, la pili, akaweka kikombe chini.

"Siku hizi mbona hutii karafuu kwenye chai?"

Mkewe akamtazama. "Karafuu gani?"

"Si ile unayotiaga. Miaka miwili hii chai yako ilikuwa nzuri sana, nilikuwa nakusifia."

"Baba watoto, sijawahi kukutilia karafuu kwenye chai tangu unioe. Ulivyokuwa unasifia nilidhani unanipenda tu."

Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kichupa. "Na hiki nikitupe? Jino si limeshatoka." Akakifungua akakinusa, akacheka. "Karafuu utaipata humu. Mafuta ya karafuu matupu, yule wa dukani aliniambia. Ulikuwa hujui?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Cha Bwana Ulimi kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Alikaa pale chai ikapoa. Aliona vifuniko, aliona barua, aliziona zile karakana alizoziita wezi. Mwisho kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza, akamwona Mama Majani peke yake Jumamosi, anavuta, anatafuta karafuu iliyokuwa kwenye jino la mtu mwingine.

Ungedhani basi alikwenda kutubu. La. Alikwenda na hila. Usiku alipiga hesabu kwamba akilipaka pengo mafuta, karafuu itarudi, fomu itaandikwa, Mama Majani atabaki na funguo, na yeye atabaki na jina. Kila mtu atapona. Akatia kichupa mfukoni, na Ijumaa saa tatu kasoro alikuwa chooni mwa karakana na pamba yake.

Chumbani walikuwapo wote: Mkurugenzi, Bendera wawili, na Mama Majani, funguo zake mbili tayari juu ya meza, zimefungwa kwa kipande cha kitambaa. Bwana Ulimi akavuta. Karafuu ikamjaa mdomo mzima, wala si kwa mbali.

"Imerudi," akasema.

Mkurugenzi akainyakua biri ileile, akavuta kwa pupa, uso ukamng'aa. "Naam, hii hapa. Naipata." Bendera wa Kwanza akaipata. Wa Pili akaipata mpaka akafumba macho. Bwana Ulimi akawatazama watu watatu wasio na tone la mafuta midomoni mwao, na kwa mara ya kwanza akajiona alivyo.

Biri ikafika kwa Mama Majani. Alivuta kidogo, akazungusha moshi, akauachia. Akavuta tena. Wote walikuwa wakitabasamu kumsubiri.

"Mimi siipati," akasema. "Nyote mnaipata, mimi siipati. Mkurugenzi ulisema kweli, mwanangu. Mchanganyaji asiyejua kilichomo kwenye biri yake atamharibia mtu kazi. Nilitaka tu nijue kwa hakika." Akazisogeza funguo kwa kidole mpaka mbele ya Mkurugenzi, akaanza kufungua mikanda ya aproni.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bwana Ulimi iliishia palepale. Alitia mkono mfukoni akaweka kichupa juu ya meza, kando ya funguo.

"Karafuu ni hii," akasema. "Ni dawa ya jino. Nimeipaka kila asubuhi miaka miwili, na leo nimeipaka chooni saa hizi. Jino lenyewe lilitoka majuzi, ndiyo maana karafuu ikapotea. Haikuwa kwenye biri hata siku moja. Mama ulikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye sikuwa najua ninachoonja."

Mama Majani alikichukua kichupa, akakinusa.

"Jino la upande gani?"

"Kulia. Chini."

"Fungua."

Akafungua. Mama Majani akainama akachungulia pengo kwa makini, jinsi alivyochungulia jani lenye madoa, kisha akakaa kwenye kiti akalia. Alilia kwa miaka miwili ya Jumamosi, na kwa kurudishiwa ulimi ambao alikuwa ameshauzika. Bwana Ulimi alisimama na mdomo wazi, kwa sababu hakuambiwa aufunge.

"Lakini," akasema Mkurugenzi, akiitazama biri mkononi, "mimi bado naipata kidogo."

"Kidogo, ndiyo," akasema Bendera wa Kwanza.

Hapo Mama Majani akaanza kucheka katikati ya machozi, akacheka mpaka akashika mbavu, na Bwana Ulimi naye akajiunga, kwa mara ya kwanza, kujicheka mwenyewe. Kilikuwa kicheko kichungu lakini kilimshushia mzigo.

Alivua beji yake ya mwonjaji mkuu. Mama Majani akamzuia.

"Utakwenda wapi na pengo lako? Nenda kasukutue, urudi ukae."

Alisukutua mara tatu. Aliporudi, alikuta biri mpya mezani, na Mama Majani ameketi kwenye kiti kilichokuwa chake.

"Macho wazi," akamwambia.

Akavuta macho wazi. Aliona dirisha, aliona Bendera wawili wakimtazama mdomo ili wajue wataandika nini. Alivuta hadi mwisho.

"Unapata nini?"

"Tumbaku, mama."

"Na nini kingine?"

Alifikiria ngozi, asali, udongo, maneno yake yote ya siku nyingi. "Kingine sijui."

Mama Majani akaichukua biri, akavuta, akauzungusha moshi na kuuachia.

"Hata mimi sijui," akasema. "Ni nzuri tu. Miaka miwili, mwanangu, leo ndiyo mara ya kwanza mimi na wewe tumevuta biri moja."

Akaifunga mikanda ya aproni upya, akachukua funguo zake mezani, akaenda kufungua chumba cha majani, maana wasokotaji walikuwa wamekaa bure tangu asubuhi.