Ushindi wa Nyundo

Majaji wawili walimpa Nyundo ushindi, mmoja akampa Kivuli, na tangu Jumamosi mtaa mzima ulikuwa na mdomo. Kivuli alikuwa bondia wa kukwepa. Ukirusha konde, kichwa chake kimeshahama. Nyundo alijua njia moja tu: mbele.

Mama yake Kivuli alikuwa dobi. Siku hiyo alikuwa akipiga pasi mashuka ya gesti, huku kaka yake, mjomba wa Kivuli, akihubiri kando ya meza.

"Majaji hawampi mtu anayekimbia. Anayevamia ndiye anayetafuta ushindi! Kwenye marudiano, mpwa wangu, simama katikati. Mpe, akupe."

"Kavamia nini, mjomba? Makonde yake yameishia mikononi mwangu na hewani. Watu wakipiga kelele, jaji anahesabu. Mimi nimempata usoni kila raundi."

"Vijikonde vya kubisha hodi!"

"Hodi hiyo ndiyo iliyomchana nyusi."

Dobi akacheka. Kwa hilo hakuwa na shaka hata chembe: mwanawe alishinda. Kilichomkosesha raha ni kwamba tangu jana Kivuli alikuwa akifanya mazoezi ya kusimama mahali pamoja na kupigana kwa hasira. Maneno ya mjomba yalikuwa yameanza kumwingia.

"Unataka auze kichwa anunue makofi," akamwambia kaka yake.

"Dada, wewe ni mama. Mama hana jicho la ngumi."

"Ninalo sana. Hata huko kukwepa kajifunzia kwenye mwiko wangu."

Hawajamaliza kucheka, mtu akabisha hodi. Alikuwa Nyundo, miwani myeusi usoni, mfuko wa machungwa mkononi. Klabu yao ilikuwa na desturi: mshindi huenda kumsalimia mzazi wa aliyeshindwa, kinyongo kisilale.

"Shikamoo, mama. Nimewaletea machungwa."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

"Dume hilo!" mjomba akaruka. "Mtazame, mpwa wangu! Hajui kurudi nyuma!"

Nyundo akatabasamu. Akauliza marudiano ni lini, Kivuli akamwambia mwezi ujao. Wakaongea habari za klabu, za kocha, za mvua. Kisha Nyundo akasimama, akauchukua ule mfuko mezani, akamkabidhi dobi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Nimewaletea machungwa. Eti, marudiano ni lini?"

Mjomba akaangua kicheko, akidhani ni utani. Nyundo hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, akingoja jibu kwa adabu zote. 

Dobi akazima pasi. "Kichwa kinauma, baba?"

"Kidogo tu. Tangu Jumamosi. Na nikila natapika."

"Umemwambia mama yako?"

"Mshindi atalalamikia nini, mama?"

Kivuli akamshika mkono. "Ndugu yangu, twende hospitali." Akamgeukia mjomba wake. "Umeuona ushindi wenyewe? Mimi nitacheza vilevile. Wakininyima tena, waninyime."

Mjomba hakungoja kuambiwa. Alitoka mbio kutafuta gari.

Daktari alimlaza Nyundo siku ileile, akasema wamewahi. Wangechelewa kidogo, lingekuwa jambo jingine. Nyundo akapona, ila ulingoni hakurudi. Nawe mwenye mtoto wa ngumi, kabla hujamwambia mwanao asimame katikati, kamuulize kwanza aliyesimama. Kelele za ukumbini hazina kichwa cha kuuma.

Kivuli bado anapigana, bado anakwepa, na mara nyingine bado wanamnyima. Akinyimwa, mjomba hubishana na majaji mpaka sauti inamkauka. Dobi hahangaiki nao. Humpakulia mwanawe chakula, huketi mbele yake, na kumsikiliza akisimulia pambano zima, raundi baada ya raundi, bila kusahau hata moja.