Wageni wa Mguu wa Bonaventura

Jumatatu saa tatu asubuhi, Kitandililo, gogo la paini liliteleza kutoka kwenye Fuso likamvunja Bonaventura mguu wa kulia. Mfupa ukachungulia nje, chini ya goti. Wapakiaji wenzake walimbeba, ila si moja kwa moja.

"Hatumpeleki kwa daktari na matope namna hii," alisema Haruni. "Watasema Kitandililo hatuogi."

Wakamwosha kwenye bwawa la samaki, wakasugua mpaka mfupa ukang'aa, ndipo wakampakia kwenye bajaji hadi Makambako.

Hospitalini walisifu usafi wake. Walikisafisha tena kidonda, wakafunga vyuma, wakaanza ampisilini.

Jumatano Sista Yunis alipofungua bandeji, kidonda kilisema, "Kamwene, sista."

"Kamwene," alijibu, maana salamu hailali. "Ni akina nani humo?"

"Eromonasi, bakteria wa bwawani. Mifupani tunafika kwa nadra. Hii ampisilini mnayotuletea, asanteni, tunainywa kama ulanzi. Tunayoiogopa ni ile ya kabati lenye kufuli."

Daktari Hezekia aliitwa. Akavuta stuli.

"Mmefika wapi?"

"Katikati ya muundi. Gotini tutafika Ijumaa mchana."

"Mkishafika?"

"Hapo, daktari, utakata."

Daktari aliwashukuru akaenda kwa Denis, mfamasia, mwenye ufunguo.

"Kibali cha dawa hii kinataka majibu ya maabara," alisema Denis.

"Wenyewe wamekiri."

"Nawaamini. Kidonda kile kina adabu kukushinda wewe. Lakini mhuri wataugonga kwa mkono gani?"

Usaha kidogo ukatiwa kwenye chupa, chupa ikapanda basi kwenda maabara kubwa. Majibu yangerudi Jumapili.

Alhamisi Scolastika, mke wa Bonaventura, alipiga magoti kando ya kitanda, mdomo karibu na bandeji.

"Jamani, ngojeni Jumapili tu. Mtu wa mguu mmoja hapandi juu ya magogo, na wanangu ni wanne."

"Tunaona aibu, mama," kidonda kilijibu. "Lakini tunazaana kila nusu saa. Vijana hawasikii."

"Mama Erica, usiwabembeleze hao," alisema Bonaventura, jasho likimtoka. "Wao wamesema ukweli tangu siku ya kwanza. Kambembeleze Denis."

Akaenda. Denis alimpa kiti, akalia kidogo, kisha akamwonyesha fomu. Palikuwa na nafasi ya maabara na nafasi ya mhuri. Nafasi ya kidonda haikuwepo. Scolastika aliigeuza fomu nyuma, akakuta ni nyeupe.

Ijumaa saa saba mchana goti likasikika likibishiwa hodi. Wodi nzima ilisikia; hakuna aliyesema karibu. Daktari Hezekia akanawa mikono, akakata juu ya goti, mahali ambapo wageni hawajafika.

Jumapili majibu yalifika: eromonasi, na dawa ya kabatini, mihuri miwili. Denis akafungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe. Sista Yunis akaja na dripu.

"Ya mguu upi sasa?" aliuliza Scolastika.

"Kibali kinasema mguu wa kulia, mama. Siku kumi na nne, na dozi haikatishwi."

Bonaventura akasogea kushoto, kuupisha. Sista Yunis akatundika chupa upande ule mtupu wa kitanda, akaanza kuhesabu matone.