Barua Kumi na Moja

Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama mbele ya dirisha la karani ndani ya chuo cha uuguzi tangu saa mbili asubuhi, na subira ilikuwa imemwishia. Nyuma yake, kwenye benchi, binti wa mfagiaji wa shule alikumbatia bahasha ya vyeti. Maombi yalikuwa yanafungwa leo, saa sita kamili.

"Shikamoo, Mwalimu," karani alisema bila haraka. "Barua uliyomwandikia binti nimeisoma. Haifai."

"Haifai vipi? Nimeiandika kwa mkono wangu!"

"Hapo ndipo penye tatizo."

Karani akafungua faili, akazipanga barua mezani kama karata. Kumi na moja, za miaka kumi na moja, mwandiko uleule wa kulala. Zote zilianza vilevile: Huyu ndiye mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kufundisha.

"Mwalimu wangu, bora wangapi? Wakubwa wanakuita Kiwanda cha Bora."

Masikio yakamwaka moto Mwalimu. Karani akainua barua iliyochakaa kuliko zote.

"Hii ndiyo iliyonipatia kiti hiki. Niambie kweli, nilikuwa bora?"

"Ulikuwa wa saba!"

"Wa saba?" Karani akaishusha barua.

"Wa saba! Na wale sita waliokutangulia walikuwa na baba zao wa kupiga simu humu ndani. Wewe ulikuwa na mimi. Ulitaka niandike nini, 'anajitahidi'?"

Karani akatazama saa ya ukutani. Sita kasoro robo. Akasukuma karatasi tupu.

"Mwandikie huyu ukweli mtupu. Huo nitaupeleka mwenyewe kwa wakubwa."

Mwalimu akaandika huku akinung'unika. Miaka thelathini ya chaki, na bado anapewa mtihani! Akaandika kwamba binti ni wa pili darasani. Kwamba amemsahihisha mwalimu wake ubaoni mara mbili, na mwalimu ndiye aliyekosea. Kwamba kila alfajiri hufagia madarasa manane na mama yake, na hajawahi kuchelewa kipindi.

Karani akaisoma kwa sauti, mara mbili, akagonga muhuri. "Usaili Jumatatu, saa tatu."

Nje, binti alitabasamu. "Kumbe mimi wa pili, Mwalimu? Na wa kwanza mbona sijamwona hapa?"

"Utamwonea wapi?" Mwalimu alifoka. "Nafasi yake ilishapatikana juzi, kwa simu."