Hewa Katika Breki

Gari lililolala miaka kumi na tisa chini ya turubai halitoki peke yake. Hutoka na panya, hutoka na nge, na wakati mwingine hutoka na mwenyewe. Fundi Iddi alilijua hilo kabla hajashika ncha ya turubai, ndiyo maana aliivuta huku ameelekeza uso upande wa choo.

Lilikuwa Datsun 240Z la mwaka sabini na tatu, milango miwili, boneti ndefu kama mdomo wa samaki chuchunge. Rangi yake ya chungwa ilikuwa imepauka, na bawa la mbele la kushoto lilikunjika. Kwingine kote lilikuwa zima, na hapo ndipo palipomtisha Iddi. Gari lilikunjika bawa moja tu. Aliyevunjika ni Abdulrahim, mwenye gari, rafiki yake wa kufa na kuzikana.

"Ndilo hilo, shemeji," alisema Mishi, mjane wa Abdulrahim, amesimama mlangoni na leso zake mbili. "Yusra anataka liende."

"Litakwenda."

"Anataka liende kuliko lilivyokuwa likienda."

Yusra ni mtoto wao wa pekee. Baba yake alikufa yeye ana miaka minne, na sasa yuko Doha, anapokea wageni hotelini. Alikuwa ametuma makatoni: giaboksi la gea tano, mfumo wa kuwashia wa kielektroniki mahali pa platini, taa zenye mwanga kama mchana, na breki za diski za kuweka nyuma badala ya zile za dramu za zamani. Angefika Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Alitaka kulitoa gari hapa Msambweni alipeleke Lunga Lunga kwa mkono wake, njia ile ile ambayo babake aliianza asiimalize.

"Mafundi wako tele Ukunda," Iddi alikuwa amesema, Mishi alipomtumia salamu.

"Wako. Lakini wewe ndiye unayelijua."

Ni kweli alikuwa analijua. Na alikuwa amelikimbia. Tangu mazishi hakukaa mahali pamoja: alitengeneza malori Taru, akaenda Voi, akavuka mpaka akakaa Tanga miaka sita, akarudi akashika injini za mashua Bodo. Watu walisema Iddi ana miguu ya upepo. Hawakujua kwamba alikuwa akitembea na swali moja, dogo kama skrubu ya breki lililohusu. Alikaza au hakukaza?

Ilikuwa hivi. Abdulrahim alimletea gari mwezi ishirini na saba Ramadhani, breki za nyuma zinavuja. Iddi akamwambia asiwe na shaka, siku zipo. Alikuwa amehesabu kufunga thelathini. Jioni ya ishirini na tisa, baada ya kufuturu, akarudi chini ya gari kutoa hewa kwenye breki. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja anakaa kwenye usukani akikanyaga, mwingine amelala chini anafungua skrubu ndogo nyuma ya gurudumu, mafuta yanatoka na hewa, anafunga. Lakini jioni ile kila mtu alikuwa ameshuka ufuoni kutazama mwezi. Iddi akachukua fimbo, akaikaza baina ya kiti na pedeli, akafanya peke yake. Gurudumu la kulia akamaliza. Alipokuwa kwenye la kushoto, takbira ikapaa msikitini, watoto wakapiga kelele kwamba mwezi umeandama, naye akatoka chini ya gari mbio, mtu mzima na ndevu zake, kwenda kutazama mwezi.

Aliuona. Mwembamba kama ukucha. Akashikana mikono na watu, akaitwa na mkewe akanunue kuku. Baada ya isha Abdulrahim akaja.

"Tayari?"

"Tayari."

Na mkono wake wa kulia, tangu siku hiyo, ulikuwa ukikumbuka kwamba ulikaza. Alikuwa akiuona ukikaza. Asubuhi ya Idd, kwenye mteremko wa kuingia Ramisi, gari likatoka njiani na Abdulrahim akarushwa nje. Mishi alibaki nyumbani na mtoto mwenye surua, ndiyo salama yao. Watu wakasema ng'ombe alikatiza njia, na kweli ng'ombe alikuwepo. Gari likakokotwa na trekta mpaka nyumbani, likafunikwa, na Mishi akakataza mtu yeyote kuligusa. Ng'ombe akabeba lawama yote.

Basi Iddi akaanza kazi, akaanzia mbele, mbali na nyuma.

Chumvi ya bahari haina huruma na bati. Alikata sakafu yote akachomelea mpya, akanyoosha bawa kwa nyundo na gogo, akapiga puti, akasugua mpaka vidole vikatoka damu. Injini ilikuwa imeshikana. Akaitia dizeli kwenye silinda, akaiacha inywe siku tisa, ikalegea. Giaboksi jipya likakataa mahali pake mpaka akatengeneza kishikio cha chuma kwa mkono. Kila kitu alikifanya akiwa nje ya gari au akiinama kutokea mlango wa abiria. Kwenye kiti cha dereva hakukaa hata siku moja. Kioo cha ndani kilikuwa bado kimeelekezwa kwa macho ya mtu mrefu. Kwenye kisahani cha majivu, ingawa Abdulrahim hakuwa mvutaji, mlikuwa na kokwa tatu za tende. Ni zile za asubuhi ya Idd, ambazo mtu hula kabla ya kwenda kuswali, kwa hesabu ya witiri isiyogawanyika kwa mbili, kama ilivyo sunna. Iddi alifuta vumbi kisahani chote, akazizunguka kokwa, akazifungia mle mle.

Concepta, jirani aliyetoka bara zamani akaolewa na kazi ya kupikia watu, alikuwa akimletea chai saa nne.

"Fundi, hii gari yako bado iko ICU?"

"Imetoka jana. Iko wodini."

"Haya basi. Na mwenzako anakunywa chai, ama yeye ni wa soda?"

"Mwenzangu yupi?"

"Si huyo mlikuwa mnaongea. Nimesikia ukimuuliza, 'Hapa panatosha?' Akakujibu."

Iddi akaweka spana chini. "Alijibu nini?"

"Sasa mimi nitajuaje, nilikuwa kwa jiko. Mwanaume tu. Sauti kama mtu ako na mafua." Concepta akachungulia ndani ya gari, kisha chini yake. "Ama ameenda msalani?"

Abdulrahim alikuwa mtu wa mafua mwaka mzima. Harusini kwake alimjibu kadhi kwa sauti ya puani mpaka watu wakacheka.

"Hakuna mtu, mama. Huongea peke yangu, uzee huu."

"Basi wewe unajua kugeuza sauti vizuri," Concepta akasema, akachukua kikombe cha jana, akaenda zake, lakini hakwenda polepole.

Kazi ya mbele ikaisha. Injini ikawaka, sauti nzito, tamu, na Mishi akatoka jikoni na unga mikononi akasimama tu. Zikabaki breki za nyuma. Iddi akakosa visingizio. Ili diski mpya ziingie, dramu za zamani lazima zitoke.

Alianza na gurudumu la kulia, na la kulia halikuwa na neno. Skrubu ilikuwa imekazwa mpaka mwisho, imeota kutu mahali pake. Akaketi kidogo. Kisha akajiburura chini ya upande wa kushoto, akawasha tochi.

Mpira ulikuwa bado umechomekwa. Mpira wa dripu, ule mwembamba wanaotundikiwa wagonjwa, ambao mafundi huutumia kuonea kama hewa bado inatoka kwenye mafuta. Alikuwa akipenda kuutumia kwa sababu ni mweupe wa kuonyesha ndani. Sasa ulikuwa rangi ya manjano, mgumu kama utambi wa taa uliokauka, lakini ulikuwa pale pale alipouchomeka jioni ya mwezi. Na skrubu ilikuwa imetoka nyuzi moja na nusu. Kutu ilikuwa imeigandisha wazi.

Hakukaza. Kila Abdulrahim alipokanyaga, breki za nyuma zilikuwa zikikojoa mafuta njiani, tone kwa tone, kutoka hapa Msambweni mpaka Ramisi. Breki za mbele zilibaki, lakini nusu ya breki kwa gari lile ni sawa na nusu ya daraja.

Akalala pale chini, tochi imemwangukia kifuani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umemdanganya miaka kumi na tisa. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine.

Kuuficha mpira ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Akiutia mfukoni na zile dramu akizitupa baharini, nani angejua? Basi la Tanga hupita saa kumi, na Tanga, kwa hali ile, ilikuwa karibu kuliko kibaraza cha Mishi. Lakini Yusra angelipanda gari hili Ijumaa. Angeshuka mteremko ule ule na kukanyaga pedeli ile ile, akiamini kwamba aliyeitengeneza ni mtu wa kuaminiwa.

Siku mbili alifunga diski, akavuta mabomba mapya ya breki kutoka mbele mpaka nyuma. Siku ya tatu, Jumanne, akaenda mlangoni.

"Mama Yusra, nahitaji mguu."

"Mguu wa kufanyia nini?"

"Kutoa hewa. Sitoi tena peke yangu."

Mishi akanawa mikono. Akaingia kwenye gari la mumewe, akakaa kwenye kiti cha mumewe, ambacho kilikuwa nyuma mno kwake, akashuka mpaka ukingoni ili mguu ufike. Iddi akamweleza: nikisema kanyaga, kanyaga, nikisema shikilia, shikilia hivyo hivyo, na usiachie mpaka niseme. Ukiachia skrubu ikiwa wazi, hewa yote inarudi.

Akaingia chini, upande wa kushoto.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Akafungua. Mafuta yakatoka na mapovu. Akafunga. "Achia."

Wakafanya hivyo mara nne. Mara ya tano, baada ya kusema shikilia, alifungua, akafunga, akakaza, akajaribu tena kama imekaza. Kisha akasema, mdomo ukiwa karibu na chuma:

"Mama Yusra, ile jioni ya mwezi sikuikaza hii."

Juu, pedeli haikupanda.

"Nilikwenda kutazama mwezi nikaiacha wazi. Mpira nimeukuta. Ninao hapa."

"Nilikuwa nikijua kuna kitu," Mishi akasema. Sauti yake ilipita kwenye sakafu mpya aliyoichomelea Iddi mwenyewe. "Mtu hakimbii mazishi ya rafiki yake kwa sababu ya ng'ombe. Umejua lini?"

"Juzi. Kabla ya hapo sikujua. Lakini pia sikutaka kujua."

"Miaka kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Mimi nimemlaani ng'ombe miaka yote hiyo. Nimemlaani ng'ombe wa watu, na mwenye ng'ombe, na mama yake mwenye ng'ombe. Yule mama amekufa mwaka juzi, sikwenda kumzika."

Iddi akaishika tena skrubu, akaijaribu.

"Mguu unaniuma, fundi. Nikae hivi mpaka lini?"

"Achia."

Akasikia pedeli ikipanda. Akasikia mlango. Akaona nyayo za Mishi zikizunguka gari, zikasimama karibu na kichwa chake. Hakuinama.

"Toka chini huko, huwezi kuongea na magoti yangu."

Akatoka. Akasimama, mafuta ya breki yakimchuruzika kiwikoni, akampa ule mpira. Mishi aliupokea, akaukunja, ukavunjika vipande viwili.

"Unataka nini kwangu? Msamaha?"

"Ukiwa nao."

"Haki ya damu huachiwa warithi kama mali, na mjane mwenye mtoto hurithi thumuni, moja katika nane. Ndilo fungu langu kwa Abdulrahim, sina zaidi. Hilo nimekusamehe, kwa ajili ya Mungu, leo hii." Alikuwa akisema bila kupandisha sauti, kama anayegawa mchele. "Sudusi, moja katika sita, ilikuwa ya mamake, naye yuko kwa Mola wake, mtaulizana huko. Nusu ni ya Yusra. Yusra anafika Ijumaa. Iliyobaki ni ya ndugu za marehemu wa Lunga Lunga, na hao hawana maneno mazuri. Utakwenda kwa kila mmoja."

"Nitakwenda."

"Na haki ya Abdulrahim mwenyewe, hiyo mimi siwezi kuigusa. Wewe na yeye." Akajifuta mikono kwenye leso. "Haya. Gurudumu la pili, kabla ya alasiri."

Akarudi kitini. Wakamaliza la kulia bila neno lingine ila yale ya kazi. Kanyaga. Nimekanyaga. Shikilia. Achia. Adhana ikalia, Mishi akashuka, akaenda kutawadha.

Iddi akabaki na gari. Fundi hakabidhi breki kabla hajazijaribu kwa mguu wake mwenyewe. Akafungua mlango wa dereva. Akasimama pale muda, kisha akasema bismillahi, akaketi. Kiti kilikuwa na vuguvugu. Huenda ni la Mishi. Akaweka mguu juu ya pedeli, akakanyaga.

Ilikuwa ngumu kama jiwe. Breki nzuri, breki za kumpa mtoto wa mtu. Barabarani basi la Tanga likapita likipiga honi, likaenda.

Ndipo aliposikia nyuma, chini ya gurudumu la kushoto, chuma kikigusana na chuma. Polepole, kwa uangalifu, kama spana inayotafuta kichwa cha skrubu. Halafu mtu akavuta kamasi.

Iddi hakugeuka. Aliijua kanuni ya kazi, ameisema mwenyewe saa ile ile. Anayekanyaga haachii mpaka aliye chini aseme.

Akashikilia. Mguu ukamuuma, Mishi akamaliza rakaa zake nne, na Iddi bado ameshikilia.